Shilingi 50 kwa kila bao

Asubuhi moja ya Jumamosi mwaka jana, mwanangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 9, alisimama mlangoni akiwa amening'iniza njumu zake shingoni, akaniuliza: "Mama, leo ni mechi ya kuhesabiwa au ni mazoezi tu?" Nilimwambia ni mazoezi. Akazivua njumu shingoni, akaziweka nyuma ya mlango, akarudi kitandani. Nilidhani amechoka. Zilipita siku kadhaa kabla sijatambua kwamba mtoto alikuwa akipiga hesabu, na kwamba hesabu hiyo aliyemfundisha ni mimi.

Tunaishi Bamburi, Mombasa, si mbali na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ambao wenyeji wengi bado huuita Pirates. Siku ambazo maji hupwa alasiri, mchanga huachwa mpana na mgumu kiasi cha kutosha viwanja vitatu au vinne vya watoto, na hapo ndipo mwanangu alipojifunzia mpira tangu akiwa na miaka 4 au 5. Hakukuwa na kocha wala refa. Ndara zilizopangwa mbili mbili zilikuwa milingoti ya goli, na mpira wenyewe ulikuwa wa matambara na soksi kuukuu zilizokazwa kwa kamba. (Sisi tuliowatangulia tulishindilia mifuko ya plastiki, tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku nchini mwaka 2017 ufundi huo umebadilika, na sina budi kusema kwamba mpira wa soksi ukishaingia maji ya chumvi hauna tofauti na jiwe.) Waligawana timu wenyewe, wakabishana iwapo mpira ulitoka au haukutoka, wakanuniana, wakapatana, na mchezo ukamalizwa na moja kati ya mambo mawili: maji kujaa au adhana ya magharibi.

Alipofikisha miaka 8 tulimwandikisha katika akademia ya soka ya kila Jumamosi, yenye jezi za namba na ada ya mwezi. Ndipo kaka yangu, ambaye kwa mwanangu ni mjomba na kwa hiyo anajiona ana haki zote za kumdekeza, alipotangaza kwamba atampa shilingi 50 kwa kila bao. Niliunga mkono kwa moyo wote, na mjomba alipokuwa safarini nililipa mimi. Wiki za mwanzo mtoto alifunga, tukalipa, tukafurahi, tukasimulia watu. Kisha akaacha kutoa pasi. Wenzake wakaanza kumwita mchoyo, jambo ambalo yeye mwenyewe alinisimulia bila kuonyesha kwamba linamsumbua, na hilo ndilo lililopaswa kunishtua. Baadaye akaacha kwenda ufuoni jioni. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa maneno matatu ambayo sijayasahau: "Kule hakuna kitu."

Mchezo ni uleule na wenzake ni walewale, lakini mahali alipokuwa akicheza bure kwa miaka minne pamegeuka kuwa mahali pasipo na kitu, kwa sababu watu wawili wanaompenda walikuwa wameupa mchezo huo bei.

Nilianza kusoma kuhusu jambo hili usiku, watoto wakishalala, na kwa aibu kidogo niligundua kwamba lilikwisha kuchunguzwa kabla sijazaliwa. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika shule ya chekechea iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kuambiwa na mtu. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri chenye utepe iwapo wangechora. Kundi la pili lilichora bila ahadi yoyote, kisha likapewa cheti kilekile kwa kushtukizwa. Kundi la tatu halikuahidiwa wala halikupewa chochote. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena darasani, watoto wakaachwa wafanye wapendavyo. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungua hamu. Kwa hiyo si zawadi yenyewe iliyoharibu, bali ahadi iliyotangulia, ile ya "ukifanya hivi nitakupa hivi", ambayo humfanya mtoto ajitazame na kujiambia kwamba kumbe anachora kwa ajili ya cheti.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo hapa yananisaidia kufikiri. Ofisini tunazungumzia motisha, na mara nyingi tunamaanisha kitu ambacho mwajiri humpa mfanyakazi ili aongeze bidii. Ari ni jambo jingine: mtu huwa nayo, hupandwa nayo, humwishia, lakini sijawahi kumsikia mtu akisema amelipwa ari. Mwanangu alikuwa na ari kabla hatujampa motisha.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, ambao wameandika juu ya suala hili kwa miongo kadhaa, wanaeleza kwamba ari ya ndani hustawi mtu anapopata mambo matatu: kujiamulia, kujiona anaweza, na kuhisi kwamba yuko miongoni mwa watu wanaomjali. Niliposoma hayo nilifikiria ufuo wa Pirates. Mambo yote matatu yalikuwapo pale bila mtu mzima hata mmoja kuyapanga. Kwenye akademia tuliyokuwa tukiilipia, la kwanza lilikuwa limetoweka kabisa, la pili lilitegemea siku, na la tatu mimi na kaka yangu tulikuwa tunalila kidogo kidogo, noti moja baada ya nyingine.

Sitaki kuilaumu pesa peke yake, kwa maana kuna jambo ambalo halina gharama na nadhani linadhuru zaidi. Baada ya kisa cha njumu nilianza kusimama mbali kidogo na wazazi wenzangu, upande wa pili wa uwanja, nikawa nawatazama watoto wakati wazazi wanapiga kelele. Nakushauri ujaribu hata mara moja. Mtoto wa miaka 8 anapokea mpira. Upande wa kulia baba anasema, "Piga!" Nyuma yake mjomba wa mtu mwingine anasema, "Toa pasi!" Kocha naye anamwita arudi nyuma. Mtoto anafanya jambo ambalo nilipoliona mara ya kwanza sikulisadiki, lakini sasa naliona kila Jumamosi: kabla ya kuamua, anainua macho kutazama pembeni mwa uwanja. Ni nukta moja tu. Katika nukta hiyo mpira unachukuliwa, na baba yake anajishika kichwa kwa mikono miwili. Mtoto ameshayaona yote mawili, mpira ukienda na mikono ikipanda kichwani, na nina hakika ni hilo la pili atakalolala nalo.

Watoto wa umri huo husoma nyuso zetu kuliko wanavyosoma matokeo, na kuna sababu. Mtafiti aitwaye John Nicholls alionyesha kwamba hadi wafikapo miaka 11 au 12 hivi, watoto wengi hawajaweza kutenganisha kikamilifu bidii na uwezo. Kwa mtoto mdogo, anayejitahidi sana ndiye hodari, basi. Hajajua bado kujipima vizuri kwa kujilinganisha na wenzake, kwa hiyo huuliza watu wazima, na mara nyingi huuliza kwa macho. Akitimiza miaka 12 atakuwa anasikiliza zaidi wenzake na kocha wake, na sisi wazazi tutabaki na kazi ya kufua jezi. Lakini katika miaka 6, 7, 8, neno la mzazi kwamba "huyu hana kipaji" haliingii masikioni mwake kama maoni. Linaingia kama habari.

Na mara nyingi habari hiyo si ya kweli. Mpwa wangu alizaliwa mwezi wa Disemba. Katika timu zinazopangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, yeye hucheza na watoto wa Januari ambao wamemzidi karibu mwaka mzima, na mtu mwenye miaka 8 akizidiwa mwaka mmoja amezidiwa sehemu moja ya nane ya maisha yake. Watafiti wa Kanada waliliona jambo hili katika mchezo wa hoki ya barafu tangu miaka ya 1980: wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi katika ngazi za juu. Mkubwa huonekana ana kipaji, hupangwa kwanza, hucheza dakika nyingi zaidi, husifiwa zaidi, na baada ya miaka mitatu kweli anakuwa bora. Wa Disemba huketi benchi na kujifunza kwamba mpira si wake. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Ni kalenda na macho yetu.

Kuhusu makocha nina mengi ya kusema, na nitajizuia. Yule tuliyekuwa naye mwanzo alikuwa kijana mchangamfu aliyewapa watoto majina ya utani. Mlinda lango aliyefungwa bao rahisi aliitwa Gunia, na wenzake wakacheka, naye Gunia akacheka pia, kwa kuwa mtoto aliyezungukwa na kicheko hana pengine pa kukimbilia ila ndani ya kicheko hichohicho. Baada ya miezi miwili Gunia hakuja tena. Tuliambiwa wamehama nyumba. Nilimwona juzi akinunua mabuyu kwenye duka lilelile la mtaa wetu.

Katika jimbo la Washington, watafiti Ronald Smith na Frank Smoll waliwachunguza makocha wa besiboli ya watoto kwa miaka mingi, wakihesabu kila walichokisema na kukitenda wakati wa mechi. Kisha wakaandaa mafunzo mafupi sana, ya saa chache tu. Makocha walifundishwa kuitambua bidii papo hapo na kuisifu, kumtia moyo mtoto anapokosea na kumwonyesha namna ya kurekebisha, na kuacha adhabu na kejeli. Katika utafiti waliouchapisha pamoja na Nancy Barnett mwaka 1992, waliangalia ni watoto wangapi walirudi kucheza mwaka uliofuata. Kwa makocha ambao hawakupata mafunzo hayo, asilimia 26 ya watoto hawakurudi. Kwa waliofunzwa, ni asilimia 5. La kunifikirisha zaidi ni kwamba timu za makundi hayo mawili hazikutofautiana katika kushinda na kushindwa. Ushindi haukuwa sababu ya watoto kurudi.

Kocha tuliye naye sasa ni mzee aliyestaafu kazi za bandarini. Hana cheti cha kuning'iniza ukutani, na sauti yake siku hizi haifiki hata katikati ya uwanja, labda hilo nalo ni neema. Mtoto akipoteza mpira, humsubiri apite karibu, akamuuliza, "Uliona nini pale?" Anauliza kweli, akitaka jibu. Mtoto hulazimika kukumbuka alichokiona, na mara nyingi hujirekebisha mwenyewe kabla mzee hajasema la pili. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akanijibu kwamba nahodha mmoja wa tishali alikuwa akiwauliza hivyo vijana wake, na kwamba hajawahi kumwona mtu akijifunza kufunga kamba kwa kutukanwa.

Mpaka hapa nimesema juu ya wavulana, na dada yangu anayeishi Majengo aliposoma rasimu ya maandishi haya alinipigia simu kunikumbusha binti yake. Msichana huyo, akiwa na miaka 9, hakuna mvulana katika kichochoro chao aliyeweza kumshika kwenye mbio, na katika mchezo wa kati, ule wa kumlenga kwa mpira aliye katikati, alikuwa wa mwisho kulengwa kila mara. Hakuna aliyemkataza michezo. Wala haikuhitajika kumkataza. Kaka yake alinunuliwa njumu, yeye akaambiwa viatu vya shule vinatosha. Mechi ya kaka ilihudhuriwa, mashindano yake ya shule yaliangukia siku ya harusi ya mtu, na daima kuna harusi ya mtu. Saa kumi jioni, wenzake wakitoka kucheza, yeye alihitajika jikoni kupara samaki. Shangazi mmoja wa upande wa baba alikuwa na msemo wake: "Mtoto wa kike akikimbia anakwenda wapi?" Alisema kwa mzaha, na kwa mapenzi. Alipofika miaka 11 msichana alitueleza kwamba hapendi tena michezo, na sote tukaamini kwamba ni uamuzi wake.

Kisingizio cha mavazi, ambacho nimekisikia mara nyingi, hakina nguvu tena: FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa kikapu duniani likafuata mwaka 2017. Kilichomrudisha binti wa dada yangu wala hakikuwa kanuni. Binti wawili wa jirani walianza kwenda mazoezi ya mpira wa kikapu na wakawa wanapita kumchukua, watatu wakienda pamoja kwa miguu. Dada yangu naye alianza kwenda kuketi pale na buibui lake na kikapu cha kazi za mkono, asiseme neno. Na ustadhi wao wa madrasa, ambaye kila mtu alidhani atapinga, aliulizia matokeo siku moja kabla ya somo, kisha akaomba ratiba ya mazoezi ili asimpangie darasa la ziada siku hiyo. Dada yangu anasema swali lile la ustadhi lilifanya kazi kubwa kuliko viatu alivyomnunulia, na viatu vile havikuwa rahisi.

Watu huniambia kwamba huku ni kudekeza, na kwamba dunia ya michezo ni ya kushindana. Huwa nawatajia Norwei. Huko, kwa kanuni za shirikisho lao la michezo zilizopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, jedwali za matokeo na orodha za washindi haziruhusiwi mpaka mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, na mashindano ya ubingwa wa taifa husubiri hadi miaka 13. Nchi hiyo ina watu milioni 5 na kitu, nao walipata medali 39 katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018, kisha dhahabu 16 mwaka 2022, na mara zote mbili hapakuwa na nchi iliyowapita. Sidai kwamba jambo moja ndilo lililozaa jingine. Wana theluji, wana pesa, wana mengi. Ninachosema ni kwamba kungoja hakukuwazuia. Sisi hapa nimeona watoto wa miaka 7 wakilia kwa sababu ya nafasi ya tatu katika kombe lililoandaliwa ili kuuza soda.

Narudi nyumbani kwangu. Nilimwambia mwanangu waziwazi kwamba mimi na mjomba wake tulikosea, na kwamba malipo yamekwisha. Alikasirika, na ilikuwa haki yake. Kwa karibu miezi miwili hakugusa mpira, wala wa akademia wala wa soksi. Ilikuwa miezi mirefu, na mara kadhaa nilikuwa na noti mkononi.

Aliyenisaidia ni mamangu, ambaye hajui kanuni hata moja ya mpira. Kabla ya hapo, safari ya kurudi nyumbani kwa tuktuk ilikuwa ndiyo darasa langu: kwa nini hukumpa fulani, kwa nini ulisimama, si nilikwambia. Mtoto hana pa kwenda ndani ya tuktuk. Siku moja bibi yake alipanda pamoja nasi kutoka kwenye mechi ya mdogo wake, waliyokuwa wamefungwa vibaya. Akawauliza kama wamekunywa maji. Kisha akaanza kulalamikia bei ya changu sokoni, mpaka tulipovuka daraja la Nyali. Hapo yule mdogo, bila kuulizwa, akaanza mwenyewe kusimulia mechi, akaeleza alipokosea, akacheka, na kaka yake mkubwa akaingilia kumsahihisha kwa hamu ambayo sikuwa nimeiona kwa wiki nyingi. Mamangu aliitikia "Ehee" mahali panapostahili. Tangu siku hiyo nafunga mdomo mpaka darajani, na si rahisi.

Mkubwa alirudi ufuoni kwanza, jioni moja ya maji kupwa, kisha Jumamosi akazichukua njumu zake nyuma ya mlango. Amebadilisha nafasi. Siku hizi anataka kuwa mlinda lango, na mzee wetu amemkubalia. Alichagua mwenyewe, na sijathubutu kumuuliza kama ni kwa sababu golini hakuna mabao ya kulipwa.

Jumamosi iliyopita aliokoa mkwaju mmoja wa penalti kwa goti, bila ustadi wowote, akaangukia kiwiko na kuinuka na mchanga mdomoni. Hakutazama upande wetu. Mjomba wake, aliyekuwa amesimama karibu nami, tayari alikuwa ametoa noti mfukoni. Nilimtazama tu, akairudisha. Mechi ilipokwisha tulitumia noti hiyohiyo, pamoja na nyingine mbili, kununua viazi karai vya timu nzima, pamoja na wale waliokaa benchi, na yule wa Disemba akala kuliko wote.